Mwanagenzi na mashine ya kung'arisha gari: Bei nafuu isichome rangi

VIJANA wanaoosha magari kandokando ya barabara za Kisiwa cha Mombasa wanaifahamu siri moja ya biashara yao: mteja hulipa kidogo kuondolewa vumbi, lakini yu tayari kulipa mara kadhaa ya hapo iwapo gari lake lililochujuka litarejeshewa mng'ao.

Ndiyo maana wengi wao, pamoja na wenye magari wasiotaka kumlipa mtu, huanza kuweka akiba ya kununua mashine ya umeme ya kung'arishia rangi. Hapo ndipo wanapojikwaa. Vyombo vinavyouzwa kwa jina hilo moja ni vya aina tofauti kabisa, na kile kinachosifiwa zaidi dukani aghalabu ndicho chenye hatari kubwa mikononi mwa mwanagenzi.

Mazungumzo dukani huwa mafupi. Kijana huuliza, "Ami, mna mashine ya kupigia gari polishi?" Muuzaji huteremsha kutoka rafuni mashine nzito yenye mkono wa pembeni na kumhakikishia, "Chukua hii, mwanangu. Ndiyo wanayotumia mafundi wa rangi."

Ni kweli mafundi wa rangi huitumia. Asichoelezwa kijana ni kwamba fundi huyo akiichoma boneti, ana bunduki ya kupulizia na kopo la rangi la kuirudishia sura yake. Mwosha magari hana. Atalazimika kuilipia boneti nzima ipakwe upya, na ujira wa wiki kadhaa utakwenda na kosa la sekunde chache.

Unene wa karatasi

Anayetaka kuchagua mashine sharti kwanza ajue kile anachokwenda kukisugua. Rangi ya gari la kisasa ni matabaka manne hivi: dawa ya kuzuia kutu iliyogandamana na bati, rangi ya msingi, rangi yenyewe inayoonekana, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Mng'ao wa gari umo katika tabaka hilo la mwisho.

Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 katika magari mengi yatokapo kiwandani, mikroni moja ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina mikroni 100 hivi. Tabaka angavu peke yake aghalabu huwa baina ya mikroni 35 na 50. Kwa maneno mengine, kile kinacholipa gari uzuri wake hakizidi nusu ya unene wa karatasi.

Kung'arisha hakuongezi kitu katika tabaka hilo, hulipunguza. Dawa ya kung'arishia, maarufu kama kampaundi, ina chembechembe ngumu zinazokwangua uso wa tabaka angavu hadi ulingane na kina cha mikwaruzo iliyokuwepo. Mkwaruzo haujazibwa, ila kuta zake zimekatwa zikatoweka.

Kanuni hiyo si ngeni Pwani. Kabla ya karatasi ya kulainishia mbao kuenea madukani, maseremala walitumia majani ya mti uitwao msasa, ambayo yana ukwaruzo kama ulimi wa paka, na jina la mti likahamia kwenye karatasi. Hata kampuni ya Meguiar's ya Marekani, ambayo dawa zake za magari huuzwa kote duniani, ilianza mwaka 1901 kwa kutengeneza polishi ya samani.

Tofauti ni kwamba mlango wa nakshi wa Mji wa Kale una ubao mnene, na seremala akizidisha kidogo mkono wake hakuna atakayejua. Fundi wa gari hana akiba hiyo.

Isitoshe, tabaka angavu limetiwa viungo vya kukinga miale ya jua. Linapokondeshwa kupita kiasi, jua humalizia kazi: huota mabaka meupe juu ya paa na boneti, kisha hubambuka kama gamba la nyoka. Gari likifika hapo hakuna mashine wala dawa itakayolisaidia isipokuwa kupakwa rangi upya.

Gari la Kisiwani

Magari mengi ya watu binafsi yanayoshushwa katika Bandari ya Mombasa ni yaliyokwisha kutumika nchini Japani. Kanuni za Kenya huruhusu yaingizwe maadamu hayajazidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Hivyo basi, siku ya kwanza ya gari hapa nchini si siku ya kwanza ya rangi yake. Huenda limeng'arishwa mara moja au zaidi kabla ya kupakiwa melini, na likang'arishwa tena yadini likisubiri mnunuzi.

Zipo pia dawa zenye mafuta ambazo huziba mikwaruzo kwa muda tu. Gari lililopakwa dawa hiyo hung'ara siku ya kuuzwa, na baada ya kuoshwa mara tatu au nne mistari yote hurejea. Mnunuzi hudhani ameharibiwa gari na waosha magari, kumbe ndivyo lilivyokuwa.

Likishafika Kisiwani, gari hukabiliwa na maadui wapya. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, huleta umande wa chumvi. Miti ya mwarobaini huangusha utomvu na matunda. Kunguru wa India, ambao Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja, hudondosha kinyesi ambacho kikikaushwa na jua la adhuhuri huila rangi na kuacha alama isiyofutika kwa kuoshwa.

Maji nayo yana lawama. Yale ya mabomba kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho hayatoshelezi mahitaji ya mji, na wengi huosha magari kwa maji ya visima vya Kisiwani yenye chumvi na chokaa. Yakiachwa yakauke juu ya bati, huacha madoa ya duara ambayo kila siku ya jua huyakaza zaidi.

Katika Mji wa Kale kuna lingine. Vichochoro vinavyotoka Ndia Kuu vilipimwa kwa upana wa watu na punda, muda mrefu kabla ya gari la kwanza kuonekana. Tuktuk, pikipiki na mikokoteni ya maji hupishana na magari kwa nafasi ya vidole, na milango ndiyo inayobeba kovu. Msongamano katika feri ya Likoni huongeza mengine.

Hata hivyo, adui mkubwa kuliko wote ni kitambaa. Kitambaa kilichoanguka mchangani, kikakung'utwa kidogo na kurejeshwa kazini, huchora mistari midogo ya mviringo inayoonekana juani kama utando wa buibui. Ndiyo inayolifanya gari jeusi lionekane la kijivu.

Hapa ndipo penye habari njema kwa mwanagenzi. Utando huo wa buibui, ambao ndio kero ya wateja wengi, hauna kina. Hauhitaji mashine kali kuuondoa. Yale makovu ya mlangoni yaliyozama hadi kwenye rangi hayataondolewa na mashine yoyote ile, iwe ya bei ya chini au ya juu. Basi nguvu nyingi anazozilipia mnunuzi katika mashine nzito hazina kazi ya kumfanyia.

Jina moja, vyombo vingi

Mashine ya kwanza ni ile ya ami dukani: ya mzunguko mmoja. Sahani yake huzunguka mahali pamoja kama feni, kwa kasi ya mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika. Ikiwa na sponji ya sentimita 15 na kuzunguka mara 2,000 kwa dakika, ukingo wa sponji hiyo husugua rangi kwa mwendo unaozidi kilomita 50 kwa saa. Msuguano huzaa joto, na joto hilo hukusanyika palepale mashine ilipoegemezwa. Fundi mzoefu huisogeza bila kukoma na kuiinua kila anapokaribia ukingo. Mwanagenzi husita mahali penye doa sugu, na hapo ndipo rangi inapoungua.

Kasoro yake ya pili hujitokeza siku ya pili. Kwa kuwa huzunguka upande mmoja tu, huacha vivuli kama mawimbi ambavyo havionekani uvulini. Mteja huondoka akiwa ameridhika, na kesho yake akiegesha gari juani karibu na Ngome ya Yesu huona boneti nzima ina michirizi inayocheza kila anaposogea.

Ya pili ni ndogo ya umbo la kikaango kikubwa, yenye upana wa sentimita 25 hivi na kitambaa kinachovishwa kama kofia. Mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, nayo haidhuru chochote. Tatizo ni kwamba haiponyi chochote pia. Iliundwa kutandaza nta juu ya rangi ambayo tayari ni nzuri. Wengi waliokata tamaa wakidai kwamba mashine za kung'arisha ni ulaghai walianza na hii.

Ya tatu ndiyo inayomfaa anayeanza: mashine ya mizunguko miwili. Sahani yake hujizungusha yenyewe huku pia ikichepuka kulizunguka shina la mashine, mfano wa dunia inavyojizungusha huku ikilizunguka jua. Kwa sababu hakuna sehemu ya sponji inayorudia njia ileile, joto husambaa na vile vivuli vya mawimbi havitokei.

Muhimu zaidi, mashine hii ina huruma. Ikikandamizwa kupita kiasi, au ikikutana na ukingo mkali, sahani huacha kuzunguka na kubaki ikitetema tu. Wapo wanaoirudisha dukani wakilalamika kwamba haina nguvu, ilhali kusimama huko ndiko kulikoinusuru rangi. Wenye ujuzi huchora mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani ili waone kama ingali ikizunguka, kisha hupunguza uzito wa mkono hadi mstari uanze tena kukimbia.

Kuna aina ya nne inayounganisha tabia hizo mbili, ambayo huchepuka lakini mzunguko wake unaendeshwa kwa gia na hausimami. Ni chombo kizuri na cha bei kubwa. Haiko katika hesabu ya anayeanza.

Nje ya orodha hiyo yupo mlaghai anayestahili kutajwa, kwani hutumiwa sana na vijana wa jua kali: grenda ya kukatia vyuma, iliyofungiwa sponji. Bei yake huvutia, na fundi wa kuchomelea jirani yuko tayari kuiazima. Lakini grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na nyingi hazina kidhibiti cha kasi. Kwa sahani ya milimita 115, huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 230 kwa saa ukingoni. Haichomi rangi tu. Sponji yenyewe yaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa anayeishika.

Sponji ya kufungwa kwenye keekee ya umeme haina hatari ya kiasi hicho. Yafaa kwa taa za mbele zilizofifia na sehemu ndogo ndogo. Kwa gari zima huchosha mkono na kuunguza mota ya keekee, ambayo haikuundwa kuegemezwa ubavu saa nzima.

Kibandiko husema zaidi ya muuzaji

Akishaamua kununua ya mizunguko miwili, mnunuzi hana budi kuigeuza na kusoma kibandiko chake. Cha kwanza kutazamwa ni volti. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine iliyotumika Japani iliundwa kwa volti 100, na ile iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya Mombasa, mota hupiga kelele kwa sekunde chache, hutoa moshi, na biashara imeishia hapo. Transfoma ya kupunguza umeme ipo, ila yenye uwezo wa kuibeba mashine ya aina hii ni nzito na gharama yake hufuta nafuu yote ya mtumba. Zinazoletwa na jamaa walioko Dubai au Muscat hazina shida hiyo, kwani umeme na plagi za huko huafikiana na za hapa.

Cha pili ni wati. Kati ya 600 na 900 zinatosha. Kibandiko kinachojivunia wati 1,500 kwenye mashine nyepesi ya bei ya chini hakiaminiki, na kinaweza kupimwa hapohapo: ampea zilizoandikwa zikizidishwa kwa 240 ndizo wati halisi. Mashine ya ampea 3.5 ina wati 840, hata kama boksi linasema vingine.

Cha tatu ni mchepuko, yaani upana wa lile duara dogo ambalo sahani hulipiga. Kwa kawaida ni milimita 8, 15 au 21. Kampuni ya Rupes ya Italia ndiyo iliyozipa umaarufu mashine za mchepuko mpana, na viwanda vya China vikafuata kwa bei ya chini. Mchepuko wa 21 hufanya kazi haraka kwenye mapaa mapana lakini mashine huwa kubwa na hukosa nafasi kwenye milango yenye mikunjo. Wa milimita 8 huenda polepole, ila huhitaji ustadi mdogo. Anayeanza achague baina ya 8 na 15, na akiwa na uwezo achukue 15.

Sahani ya kushikilia sponji iwe ya sentimita 12.5, maarufu kama inchi tano. Ya inchi sita huonekana kuwa faida dukani, lakini mota ndogo hushindwa kuizungusha, na magari madogo ya Kijapani hayana bati pana la kuihitaji.

Kidhibiti cha kasi ni sharti, na kiwe cha gurudumu lenye namba. Fauka ya hayo, mnunuzi aiwashe mashine bila mzigo dukani: kasi ipande taratibu, isiruke ghafla, kwa sababu mashine inayoruka hurusha kampaundi kwenye vioo na nguo za kila aliye karibu. Aishike kwa dakika mbili. Kilo tatu ni nyepesi kwenye kaunta na nzito sana juu ya paa la gari baada ya nusu saa.

Alama ya mraba ulio ndani ya mraba mwingine huonyesha kwamba ganda la mashine lina kinga maradufu ya umeme. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye sakafu yenye maji, alama hiyo ina uzito kuliko jina la kampuni. Majina makubwa ya Kijapani na Kijerumani hughushiwa sana, na bidhaa ghushi yenye jina kubwa ni mbovu kuliko bidhaa halali ya kampuni isiyojulikana. Bidhaa iliyoingizwa kihalali hubandikwa stika ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS). Ikikosekana, muuzaji aulizwe.

Jambo la mwisho la kuuliza dukani ni brashi za kaboni, vile vijiti viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota. Huisha kwa kutumika, na katika hewa ya chumvi sehemu wanazogusa hushika uchafu upesi. Mashine ambayo vifuniko vya brashi zake vinafunguka kwa bisibisi kutoka nje, na ambayo duka linauza jozi ya ziada, itadumu. Nyingine hutupwa kwa kukosa kipuri kidogo mno.

Fedha zisiishie kwenye mashine

Kosa linalofuata hutokea palepale kaunta: kumaliza fedha zote kwa mashine na kubaki na sponji moja iliyokuja ndani ya boksi. Katika kila Sh100 zilizotengwa, zisizidi Sh60 kwa mashine. Zinazosalia ni za vile vinavyogusa rangi hasa.

Gari moja huhitaji sponji nne au tano: mbili au tatu za kukatia mikwaruzo, moja ya kumalizia, moja ya nta. Sponji iliyojaa kampaundi na vumbi la rangi hupata moto na kuacha kukata, hivyo hubadilishwa na kuoshwa. Rangi za sponji zisimdanganye mtu, kwani kila kiwanda kina mpango wake. Ya manjano ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu na ya nyingine laini. Ziminywe kwa kidole. Pedi za manyoya ya kondoo zingoje mpaka mkono uzoee.

Kampaundi zinazouzwa kwenye makopo makubwa katika maduka ya rangi nyingi ni za kufutia alama za msasa baada ya gari kupakwa rangi. Ni kali mno. Chupa moja ya dawa ya ukali wa kati na nyingine ya kumalizia zinatosha, na kila gari lijaribiwe kwanza kwa ile laini kwenye sehemu ndogo. Mara nyingi yule laini ndiye anayetosha.

Pasikosekane udongo maalumu wa kunasia uchafu ulioganda, utepe wa karatasi wa kufunikia kingo na plastiki, na vitambaa vya mikrofaiba visivyopungua sita. Chembe moja ya mchanga ikisalia chini ya sponji, mashine itauchora upya utando wa buibui kwenye gari zima.

Hesabu ya biashara ni rahisi kuipiga. Tuseme kijana ametumia Sh15,000 kwa vifaa vyote, anatoza Sh2,000 kwa gari, na dawa na vitambaa humla Sh400 kila mara. Gari la 10 ndilo litakalomrudishia mtaji. Iwapo katika hayo 10 atachoma boneti moja, hesabu yote huanza upya, na pengine mteja hatakubali kungoja. Mwenye gari moja la kutembelea, anayelihitaji ling'ae mara moja kwa mwaka, pengine aazime mashine au achangie na jirani.

Soketi iko ghorofani

Kwa wakazi wa Mji wa Kale kuna swali ambalo maduka hayaulizi: gari hulala wapi? Wengi huegesha nje ya vichochoro, mbali na nyumba, na soketi iko ghorofa ya pili. Waya wa nyongeza wa mita 30 unaweza kuvuta umeme hadi chini, lakini uwe wa unene wa milimita mraba 1.5, ukunjuliwe wote hata kama hauhitajiki wote, na maungio yake yasiguse maji. Waya mwembamba uliobaki umeviringishwa hupata joto na hata kuyeyuka. Unaposhushwa dirishani juu ya vichwa vya wapita njia, majirani nao wana haki ya kuulizwa.

Jenereta ndogo ya wati 650 haiwezi kustahimili mashine ya wati 900. Za betri zipo na zingefaa sana hapa, ila gari zima humaliza betri kadhaa, na betri ndizo zenye bei. Wengi hupata ahueni kwa kuelewana na sehemu ya kuoshea magari yenye mita yake ya umeme na paa la mabati.

Kivuli hicho si anasa. Boneti iliyokaa juani Mombasa saa sita mchana haishikiki kwa kiganja, na dawa hukauka kabla sponji haijamaliza duru moja. Kazi ianze alfajiri, bati likiwa baridi, au ingoje baada ya alasiri.

Magari ya kukataa

Kabla ya kuwasha mashine, mwanagenzi apitishe ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, asiahidi kuuondoa. Paa lenye mabaka meupe yanayobambuka alikatae, na amweleze mteja sababu. Bampa na vioo vya pembeni ni plastiki, ambayo haitawanyi joto kama bati, hivyo avipitie kwa kasi ya chini au kwa mkono.

Asugue pia sehemu iliyofichika kwa kitambaa cheupe chenye dawa kidogo. Kitambaa kikigeuka rangi ya gari, halina tabaka angavu juu yake, kama ilivyo kwa baadhi ya magari meupe ya kazi na yale yaliyopakwa upya karakanani. Linaweza kung'arishwa, lakini kila duru inaondoa rangi yenyewe.

Kingo, mikunjo ya milango na pembe za boneti ndipo rangi ilipo nyembamba zaidi, na ndipo zifunikwe utepe kabla ya yote. Kisha eneo la nusu mita kwa nusu mita, duru nne hadi sita za polepole zinazopandana nusu kwa nusu, kufuta, na kulitazama kwa tochi kutoka ubavuni. Likiridhisha, ndipo ahamie jingine.

Wala gari la kwanza lisiwe la mteja, au la mjomba. Karakana nyingi za Kisiwani zina boneti kuukuu iliyotupwa nyuma, na mwenyewe huiachia kwa fedha kidogo. Mwanagenzi ailaze kivulini, aigawe kwa utepe sehemu mbili na kung'arisha upande mmoja hadi tofauti ionekane wazi. Akimaliza, achague pembe moja isiyo na utepe, aegemeze mashine hapo makusudi kwa kasi ya juu, na ahesabu sekunde hadi rangi ya msingi ichomoze.